Mtaro wa Masika Hudaiwa Agosti

Kila mwezi wa Mei, masika yakishika, mtaani kwetu hapa Pwani ya Kenya maneno huwa yale yale. Maji yamejaa njiani hadi kwenye vizingiti, watoto wanabebwa mgongoni kwenda shule, wapika mahamri hawana pa kuteleka, na jina la mwakilishi wadi linatajwa kwa ubaya asubuhi na jioni. Picha zinasambazwa kwa simu, watu wanapiga redioni. Mheshimiwa anakuja, anakunja suruali, anapita majini pamoja nasi, anaahidi. Mwisho wa Juni njia zinakauka, na madai yetu yanakauka nazo mpaka Mei nyingine.

Mimi ni mwenye duka la vyakula. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013 nimekuwa nikihudhuria vikao vya kutoa maoni, vingine vya maana na vingine vya kupoteza siku. Ninayoandika hapa ni kwa jirani yeyote, wa kaunti yoyote, aliyechoka kulalamika mvua ikinyesha. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: dai mtaro Agosti, wakati kusi inavuma, njia ni kavu na hakuna anayeukumbuka.

Sababu ni kwamba pesa za kaunti zina kalenda, na kalenda hiyo imo katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Makadirio ya bajeti sharti yafike kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Kwa hiyo sisi tunapopiga kelele Mei, karatasi za mwaka unaofuata ziko mezani tayari na kila idara imeshatajiwa fungu lake. Na makadirio yenyewe hayakuzuka Aprili. Yametokana na Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao sheria inataka uwe umewasilishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Tena Sheria ya Serikali za Kaunti, ya 2012 vilevile, katika kifungu cha 104, inakataza pesa za umma kutengwa nje ya mipango.

Sasa tupige hesabu. Mtaro utakaotufaa masika ya 2028 unahitaji pesa za mwaka wa fedha wa 2027/2028. Mpango wa mwaka huo unafika bungeni Septemba 2026. Anayetaka mtaro wake uandikwe humo na aseme Agosti 2026 au kabla. Akingoja mvua ya Mei 2027 imwamshe, huyo anaulizia mtaro wa 2029. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wazee, na bajeti imewasadiki.

Kati ya Septemba na Aprili kuna tarehe nyingine ambayo watu wachache huijua: 28 Februari. Siku hiyo ndiyo mwisho wa kufikisha bungeni waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti. Humo hutaona mtaro wala zahanati kwa jina. Humo kunapangwa kila idara ipate kiasi gani, na kwa kuwa mazungumzo ni ya tarakimu tupu, ukumbi huwa na watu wa kuhesabu. Mimi huwahimiza wenzangu waende hapo hasa. Idara ya barabara au ya maji ikitoka Februari na fungu dogo, Aprili hakuna cha kugawana, ndipo wadi jirani zinapoanza kunyang'anyana kipande kimoja cha lami huku kila upande ukidhani mwenzake ndiye adui.

Wafanyabiashara wenzangu nao nina neno nao. Ada ya leseni ya biashara, ushuru wa soko, malipo ya maegesho ya bodaboda na tuktuk, yote hayo huwekwa na Mswada wa Fedha wa kaunti, na huo sheria inautaka upite ndani ya siku 90 baada ya bajeti kupitishwa. Nimeona wenye maduka wakifunga milango Januari kwa hasira kwamba leseni imepanda, na haki yao kukasirika, lakini mswada uliopandisha ulisomwa miezi kadhaa nyuma ukumbini kukiwa na viti vitupu. Ukiwa na duka, kibanda, au hata meza ya viazi karai kando ya njia, mswada huo unakuhusu kuliko hotuba yoyote ya mwanasiasa.

Jambo jingine ni kujua utabisha mlango gani. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi. Zahanati na hospitali za kaunti, shule za chekechea, barabara za kaunti, masoko, taa za barabarani, usombaji wa taka, maji na mitaro, hizo ni za kaunti. Polisi, shule za msingi na za upili na barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Vikao vyetu hupoteza muda mwingi watu wakimhoji ofisa wa kaunti habari za kituo cha polisi, naye hufurahi kuhojiwa jambo lisilo lake kwa sababu hana la kujibu. Mambo ya polisi na vitambulisho yapeleke kwa chifu na barazani kwake. Ya mtaro yapeleke kwa msimamizi wa wadi na kwa mwakilishi wadi.

Ukishajua mwezi na mlango, nenda na karatasi.

Hapa ndipo ningependa nikae kidogo, kwa kuwa ndipo tunapopotea wengi. Watu wa Pwani tuna midomo, Mwenyezi Mungu ametujalia, na mtu anaweza kusimama kikaoni akasema hata ukumbi ukashangilia. Lakini karani anayeandika kumbukumbu ana mistari michache tu ya kila wadi. Maneno yako matamu ya robo saa yataingia kwenye ripoti kama "wananchi waliomba barabara na mitaro ikarabatiwe". Barabara ipi? Mtaro upi? Kutoka wapi hadi wapi? Mwaka ukigeuka, ofisa akifungua ripoti ile, hata akiwa mtu mwema mwenye nia safi, hana cha kushika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi wenye maduka tunaijua methali hiyo kwa uchungu wake. Madai ya mtaa nayo ni mali.

Karatasi yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Andika kwa Kiswahili, usione haya: kifungu cha 7 cha Katiba kimeifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Taja mahali kwa alama ambazo mgeni anaweza kuzifuata, kwa mfano kutoka msikitini hadi kwenye daraja la reli. Taja nyumba ngapi zinaingiwa na maji, na kama mna zahanati, madrasa, kanisa au chekechea hapo katikati, zitaje. Eleza mvua ikinyesha kunakuwaje, bila kutia chumvi, maana ofisa atakayekuja kukagua akikuta mmezidisha jambo moja hatayaamini mengine. Sema mnataka nini, kitu kimoja. Watu watie sahihi. Chapisha nakala mbili, moja uiache, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Ukikataliwa muhuri, omba aliyepokea aandike jina lake na tarehe kwa mkono wake. Nakala hiyo itunze pamoja na hati za nyumba.

Nimesema kitu kimoja, na najua ndilo gumu kuliko yote. Mtaa una shida kumi na kila mtu anaona yake ndiyo ya kwanza. Kijana wa bodaboda anataka njia, mama wa watoto wadogo anataka chekechea ipate paa, wazee wanataka taa, zile kubwa tunazoziita mulika mwizi, kwa sababu ya vijana wanaopora simu alfajiri watu wakienda kuswali. Mkienda kikaoni kila mmoja na lake, mnaonekana mmegombana, na ofisa atachagua lililo rahisi kwake. Kwa hiyo fanyeni kikao chenu kabla ya kikao chao. Sisi hukutana barazani kwa mzee wa mtaa baada ya Alasiri, wakati ambao waliotoka kazini wamefika na chakula cha usiku hakijaanza kupikwa. Saa ni jambo la kuangalia sana. Kikao kikiwekwa magharibi, akina mama hawaji, na mtaro utazungumzwa na watu wasiochota maji wala kufua.

Katika kikao chetu cha mtaro, neno lililotukalisha hadi giza halikuwa kama tunautaka au hatuutaki. Sote tuliutaka. Neno lilikuwa upite wapi. Maji hayana budi kuteremka, na mahali pa kuteremkia palikuwa pamezibwa na ukuta wa jirani mmoja aliyekuwa amejenga kidogo nje ya mpaka wake, miaka mingi iliyopita, na watu wote walijua na hakuna aliyekuwa amemwambia. Jirani yule alikuwepo. Hakuna aliyemnyooshea kidole. Mzee wa mtaa alianza kwa kumshukuru kwa kuja, kisha akaeleza maji yanavyokwenda, kisha akauliza, kama anauliza watu wote, tufanyeje. Kimya kilikuwa kirefu. Jirani akasema, "Mimi nitavunja pembe ile, lakini mnisaidie kujenga upya." Vijana wakakubali kutoa nguvu zao, sisi wenye maduka tukachanga saruji.

Naieleza habari hii kwa kirefu kwa sababu watu wengi hudhani uraia ni kudai kutoka juu tu. Bajeti ya kaunti inaweza kuleta saruji na tingatinga. Haiwezi kumwondoa jirani ukutani kwake bila ya kesi, chuki na miaka ya kungoja. Kazi hiyo ni yetu, na lugha yake ni adabu. Kama tungeenda kwa kaunti kwanza, mtaro ungechorwa, mkandarasi angefika ukutani akasimama, na pesa zingerudi. Nimeona miradi mingi, katika mitaa mingi, iliyokufa kwa ukuta mmoja.

Siku ya kikao cha kaunti yenyewe, fikeni mapema na mkae pamoja. Chagueni msemaji, naye asiwe yule mwenye sauti kubwa. Awe yule anayeweza kusema maneno machache akaketi. Mtaani kwetu ni mama mmoja mwalimu wa chekechea, kwa kuwa amezoea kueleza jambo mara moja likaeleweka. Vikao hivi mara nyingi huwa na vijana walioletwa kwa gari kuja kushangilia upande fulani. Msishindane nao kwa kelele, wala msiwadharau, ni watoto wetu na wengi hawana kazi. Mwenyekiti akitoa nafasi, msemaji wenu asome ile karatasi, ataje kwamba nakala imepokelewa, na aombe iingizwe kwenye kumbukumbu. Basi.

Tangazo la kikao lenyewe huenda lisikufikie. Mara nyingi hutoka gazetini kwa Kiingereza, siku chache kabla, na mahali pake ni ukumbi wa mbali saa nne asubuhi siku ya kazi. Hilo ni kosa na linafaa kusemwa kila mara, kwa maandishi, tena kwa jina lake: mtu asiyepewa taarifa wala waraka wa kusoma hakushirikishwa. Lakini msikae kungoja tangazo. Tarehe nilizozitaja juu hazibadiliki. Julai ikiingia, mwende ofisi ya msimamizi wa wadi mkaulize vikao vya mpango wa mwaka vitafanyika lini na wapi, na mwombe waraka mapema.

Kuna jambo moja la sahihi ambalo huwaonya hasa vijana. Ukifika ukumbini utapewa daftari la mahudhurio uandike jina na namba ya simu, na pengine mwisho kuna soda na nauli. Nauli kwa aliyetoka mbali si haramu. Lakini jua kwamba daftari lile litatumika kuonyesha kuwa wananchi walishirikishwa, hata kama hamkuulizwa kitu. Ndiyo sababu nyingine ya kuacha karatasi yenu pale. Daftari likisema mlikuwepo, karatasi iseme mlisema nini.

Kisha kuna kufuatilia, na hapo ndipo wengi huchoka. Bajeti ikipitishwa kufikia tarehe 30 Juni, tafuteni mradi wenu umo au haumo, kwa jina la wadi. Msimamizi wa Bajeti, ofisi huru ya kitaifa iliyoundwa na Katiba, hutoa kila robo mwaka ripoti ya jinsi kaunti zinavyotumia pesa, kaunti moja baada ya nyingine, na ripoti hizo ziko wazi kwa yeyote mwenye simu ya intaneti. Angalia fungu la maendeleo. Sheria inataka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo, na ripoti zitakuonyesha kilichotengwa na kilichotumika kweli. Mara nyingine mtaona mradi wenu umeandikiwa pesa na robo ya tatu imeisha bila shilingi kutoka. Hapo mna la kuuliza, tena lenye namba.

Mkitaka karatasi wasiyotaka kuwapa, ipo Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Napenda kila Mswahili aijue sheria hii, kwa kuwa imesema wazi kwamba ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika ofisa wa ofisi ile analazimika kumwandikia. Kuomba hakuna ada. Utalipia nakala tu. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Ikikaa kimya au ikikataa, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mkataba wa mkandarasi, gharama ya mradi, ramani, hayo yote ni habari za kuombwa. Mtaani kwetu mtaro ulichimbwa nusu, mkandarasi akaondoka, na tulikuwa tumeanza kusengenyana nani amekula nini. Ombi la ukurasa mmoja lilileta jibu kwamba pesa zilitengwa kwa awamu mbili na awamu ya pili haikuwa imeingizwa kwenye mpango. Tukajua pa kwenda Agosti. Awamu ya pili ikaingia, na upande wa juu sasa haujai maji. Upande wa chini, karibu na bahari, bado, na karatasi yake tumeiandika.

Najua kuna wanaosema maoni yetu huchukuliwa na kutupwa, ushirikishwaji wa umma ni mchezo wa kuigiza. Nawaheshimu, maana wameumizwa. Lakini sisi watu wa Pwani tuna ushahidi wetu wenyewe. Kule Lamu palipangwa kujengwa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, Kwasasi, cha megawati 1,050. Leseni ya mazingira ilitolewa mwaka 2016. Wakazi, pamoja na shirika lao la Save Lamu, waliipinga, na tarehe 26 Juni 2019 mahakama maalumu ya masuala ya mazingira ikaifuta, sababu mojawapo kubwa ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2018, Mahakama Kuu iliamua kesi ya bandari mpya ya Lamu, iliyofunguliwa mwaka 2012, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Waliofungua kesi zile hawakuwa matajiri. Kesi kama zile husimama juu ya nakala za barua, kumbukumbu za vikao, tarehe na majina. Mtu asiyeacha karatasi hana cha kumwonyesha jaji.

Na mwaka 2024 sote tuliona. Vijana walisoma Mswada wa Fedha wa kitaifa kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili na kwa lugha za mama, hata muuza duka kama mimi nikajua kuna pendekezo la kodi ya asilimia 16 kwenye mkate. Tarehe 25 Juni walifika hadi Bungeni, damu ikamwagika, vijana wa watu wakafa, na siku ya pili yake rais akatangaza hatautia saini mswada ule. Sitayasahau majonzi ya wiki ile. Ninalowaomba vijana wetu, kwa heshima ya waliokufa, ni kwamba kule kusoma kusiishie Nairobi. Kila kaunti kati ya 47 ina mswada wake wa fedha kila mwaka, na karibu zote hupita bila kijana hata mmoja kuusoma kwa sauti.

Kura nayo ina siku yake. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027, na wagombea wataanza kuja na leso, unga na noti zilizokunjwa. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamhesabu mkosaji anayetoa rushwa na anayepokea pia, lakini nina hoja nyingine. Aliyekununua amekulipa, hana deni lako tena. Utakapokwenda na karatasi yako atakuangalia kama mtu aliyekwisha kumalizana naye. Na wakianza maneno ya wenyeji na wa kuja, wa bara na wa pwani, kumbukeni kwamba maji ya masika huingia nyumba zote za njia ile. Fundi baiskeli wa kwetu ametoka Kitui, na ndiye aliyepima mteremko wa mtaro kwa uzi na chupa ya maji kabla mhandisi hajafika.

Akina mama, wazee na wenye ulemavu mna mlango wa ziada. Kifungu cha 137 cha ile sheria ya fedha za umma kinaitaka kila kaunti iwe na Jukwaa la Bajeti na Uchumi, lenye wawakilishi wa makundi yenu, wa wafanyabiashara, wa wafanyakazi na wa dini. Ulizeni nani anawawakilisha humo, na akijulikana mwiteni aje awaeleze. Na bunge la kaunti lenyewe, kwa kifungu cha 196 cha Katiba, hufanya vikao vyake hadharani. Nendeni mkakae mle siku moja, hata kama ni kusikiliza tu. Mwakilishi wadi akiinua macho akaona nyuso za wadi yake, husema tofauti.

La mwisho ni la mbali kidogo. Nyuma ya mpango wa kila mwaka kuna mpango mkubwa wa miaka mitano wa kaunti, na ulio kazini sasa ni wa 2023 hadi 2027. Baada ya uchaguzi, serikali mpya za kaunti zitaandika mwingine wa 2028 hadi 2032. Mambo makubwa yasiyoweza kuingia katika mwaka mmoja, kama soko jipya, hospitali ya wadi, au mfumo mzima wa maji machafu, huingilia hapo. Sisi tumeshaanza. Mwalimu anakusanya orodha nyumba kwa nyumba, fundi anachora ramani ya mahali maji yanapotoka na yanapokwama, na mimi nimetoa daftari jipya la dukani. Mtaa wenu nao uanze, na mkiwa jirani zetu kwa bonde au kwa barabara, tutafuteni mapema ili karatasi zetu zisigongane, maana maji yetu yote yanateremkia mahali pamoja.